Sataranji ya Kulishana: Mwongozo Kamili kwa Watu wa Barzani

Katika sataranji hii, anayemaliza kete zake mwanzo ndiye bingwa. Ubao ni uleule wa miraba 64, kila upande una kete 16, zinapangwa kama ulivyozoea na zinatembea kama ulivyozoea. Vilivyogeuzwa ni mwisho wa mchezo na kanuni ya kula. Mfalme wako akiliwa, sema alhamdulillahi, mzigo umepungua.

Wengi wakielezwa hivyo tu hucheka, wakaona ni mchezo wa kutupa kete ovyo. Mwenye fikra hizo huondoka barzani na jeshi zima mkononi, mwenzake kesha maliza zamani na anaagizia kahawa. Kazi iko kwenye ile kanuni ya pili: kula ni lazima. Ukiwa na kete ya kula, huna ruhusa ya kufanya jingine lolote. Ndiyo maana mchezo huu unawafaa watu wa Unguja na Pemba kuliko wanavyojijua. Mcheza drafti amekulia katika sheria hiyo. Mcheza bao naye anaijua: ukiwa na mtaji (hatua ya kula), huwezi kutakata (kucheza bila kula). Anayehangaika zaidi mwanzoni ni yule aliyejifunza sataranji ya kawaida peke yake, maana mkono wake umezoea kulinda, na hapa hakuna cha kulindwa.

Kanuni zote

Lengo ni kubaki bila kete hata moja. Njia ya pili ya kushinda ni kufikiwa na zamu ukiwa na kete lakini zote zimezibwa, huna pa kwenda. Hii ya pili ina maneno yake, nitaieleza chini.

Kula ni lazima. Kete moja ikiliwa kwa njia mbili au tatu, au kukiwa na kete kadhaa za kula, unachagua mwenyewe ipi uile na kwa kete gani. Hiari hiyo ndogo ndiyo utakayopigania mchezo mzima. Ila tofautisha na drafti: hapa unakula kete moja tu, kisha zamu inakwenda kwa mwenzako. Hakuna kuruka kete tatu kwa mkono mmoja.

Mfalme ni kete kama nyingine. Hakuna cheki, hakuna kumfunga, na kule kumficha mfalme nyuma ya ngome kwa hatua moja hakupo. Anaweza kusimama kwenye hatari apendavyo, na anaweza kuliwa.

Kitunda (wengine humwita askari) kikifika mwisho wa ubao kinageuka malkia, ngome, askofu, farasi, au hata mfalme. Ndiyo, unaweza kuwa na wafalme wawili. Ile kanuni ya kula kitunda kilichoruka miraba miwili kwa kukipitia ubavuni ipo pia, na ikiwa ndiyo njia pekee ya kula uliyonayo, ni lazima uitumie. Hapa ndipo watu hushikana mashati, kwa hiyo ikumbusheni kabla ya kuanza.

Sasa hili la kukosa pa kwenda. Kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, ambako mchezo huu umewekwa kwa jina la Antichess, aliyezibwa kabisa wakati wa zamu yake ndiye mshindi, haidhuru amebakiwa na kete ngapi. FICS, seva kongwe ya sataranji mtandaoni, inayouita Suicide, hutazama idadi: mwenye kete chache ndiye anayeshinda. Mimi nashauri ya Lichess. Ni nyepesi kuamua, haina kuhesabu, na mtu akienda kufanya mazoezi kwenye simu hakuti sheria nyingine. Lakini patana kwa sauti kabla ya kete ya kwanza kusogea, na mashahidi wasikie.

Sare ipo, ingawa si nyingi. Inayojulikana zaidi ni pale kila mmoja anapobakiwa na askofu mmoja tu, wa kwako anatembea kwenye miraba myeupe na wa mwenzako kwenye myeusi. Hawatakutana mpaka kiama. Peaneni mikono.

Vifaa

Ubao wowote. Miraba tutaitaja kwa herufi na namba: a hadi h kutoka kushoto kwa mweupe, 1 hadi 8 kutoka upande wake. Kete ikipotea weka kifuniko cha soda, alimradi kila mtu ajue ni kete gani. Saa haifai kwa wanaoanza, kwa sababu kosa la kawaida ni kutoiona kete inayopaswa kuliwa, na mwenye haraka haoni. Wakishazoea, dakika 5 kwa kila mchezaji kwenye simu zinatosha sana.

Na mtu asipoona kete ya kula akacheza nyingine, afanyweje? Rudisheni, ale, mchezo uendelee. Msiweke adhabu. Tatizo ni kwamba wengine "hawaoni" kwa makusudi. Utamsikia kijana anamwambia mzee:

"Ami, kula hiyo ngome."

"Ngome gani? Mimi nasogeza farasi."

"Huna hiari, Ami. Ipo pale, a8, askofu wako anaiona."

"Basi niache nivute miwani kwanza."

Kumbe miwani haijawahi kuvaliwa tangu alasiri. Mzee anaiona vizuri sana. Anachotafuta ni muda wa kufikiri atatokaje baada ya kuila.

Hatua ya kwanza: anzia mwisho

Usimfundishe mgeni kwa kumpangia kete 32. Mwanzie na kete mbili.

Weka kitunda cheupe a2 na kitunda cheusi b4, basi. Zamu ya mweupe. Akisogeza a3, mweusi lazima ale, na mweupe kabaki mikono mitupu: kashinda. Akiruka hadi a4 je? Mweusi anamla kwa kumpitia ubavuni, lazima pia, na mweupe kashinda vilevile. Rudisha kete zilipokuwa, sasa zamu iwe ya mweusi. Anasogeza b3, mweupe wa a2 analazimika kumla, na mweusi ndiye mshindi. Kwa hiyo hapa mwenye zamu ndiye mwenye mchezo. Mgeni akilielewa hili kwa vidole vyake, nusu ya kazi imekwisha.

Zoezi la pili: kitunda cheupe e4, cheusi e5, uso kwa uso, hakuna kete nyingine. Mwenye zamu hana pa kwenda, na kwa kanuni tuliyopatana yeye ndiye kashinda. Wanafunzi hupinga mwanzoni. Waache wapinge, kisha waulize nani kati ya hao wawili angefurahi kupewa zamu.

La tatu ni wafalme wawili, mweupe e4, mweusi e6, zamu ya mweupe. Anaingia e5, moja kwa moja mdomoni. Mweusi anakula, mchezo umekwisha. Kukiwa na mraba mmoja katikati ya wafalme wawili waliobaki peke yao, mwenye zamu anashinda. Anayeona wafalme wanakaribiana asogee kwa hesabu, asije akampa mwenzake mraba huo mmoja.

La nne ndilo ninalolipenda, farasi kwa farasi. Farasi kila akiruka hubadilisha rangi ya mraba, na akiwa kwenye mweupe anakula kwenye myeusi tu. Sasa tazama: farasi wote wawili wako kwenye rangi moja, na zamu ni yako. Hakuna anayemwona mwenzake. Wewe ukiruka unaingia kwenye rangi ambayo mwenzako anaishambulia, kwa hiyo unaweza kujitupa mdomoni mwake. Asipoweza kukula, naye ataruka, na mtakuwa tena kwenye rangi moja, zamu yako tena. Itabaki hivyo hadi mwisho: wewe ndiye unayewinda, yeye kazi yake ni kukimbia tu. Hawezi kukulisha hata siku moja. Mchezo wa farasi wawili huamuliwa na rangi na zamu kabla hata hamjaanza kuruka, na mwenye kujua hili huanza kulihesabu zikiwa zimebaki kete tano au sita.

Baada ya hapo chezeni mchezo mmoja wa vitunda vitupu, 8 kwa 8, bila kete kubwa. Mwendo wake ni wa haraka na unazoesha jicho kutazama pembeni.

Hatua ya pili: mwanzo wa mchezo kamili

Hapa pana hatari kuliko popote. Sataranji ya kawaida inakusamehe ukianza vibaya, unaweza kujirekebisha. Hii haisamehi. Kuna hatua za mwanzo za mweupe ambazo mweusi akijua kazi yake mchezo umekwisha palepale, na miongoni mwake ni zile zinazopendwa kwenye sataranji ya kawaida: kitunda cha e kwenda e4, na kitunda cha d kwenda d4. Hata d3, inayoonekana ya upole, ni mbovu.

Tuichukue hiyo d3 tuione kwa karibu. Pangeni kete mfuate.

Mweupe anacheza d3. Kwa kufanya hivyo amemfungulia njia askofu wake wa c1. Mweusi anasukuma kitunda cha g hadi g5. Askofu wa c1 anakiona, hakuna kitu katikati, na hakuna kete nyingine ya kula. Lazima. Anakula g5.

Mweusi anamsogeza askofu wake wa f8 hadi g7. Askofu mweupe pale g5 anaiona e7. Lazima tena, anakula kitunda cha e7. Sasa ni mweusi mwenye kula, na ana hiari: malkia, mfalme, au farasi wa g8 anaweza kumla askofu huyo. Hamli. Anachagua kwenda mbali, askofu wake wa g7 anateremka mstari mrefu na kula kitunda cha b2.

Mweupe atazame ubao wake. Askofu wake wa e7 anamwona malkia mweusi pale d8. Hakuna cha kula kingine. Anamla malkia. Kwenye sataranji ya kawaida barza nzima ingepiga makofi, hapa ni msiba. Mweusi anaweza kula kwa mfalme, lakini anapendelea kula ngome ya a1 kwa askofu wake. Mweupe? Askofu wa d8 anaiona c7. Anakula.

Simama hapo uhesabu. Mweupe amecheza hatua tano, na tangu ile ya kwanza hakuchagua hata moja. Amekula vitunda vitatu na malkia; mweusi amekula kitunda kimoja na ngome. Mweusi amebakiwa na kete 12, mweupe 14, na farasi wa b8 bado anamsubiri yule askofu. Kwa mweusi hii ndiyo mara ya kwanza tangu hatua ya pili kucheza bila kulazimika kula, na zamu kama hiyo ni mali.

Ukifahamu kisa cha huyu askofu mmoja, umefahamu mchezo. Kete zinazoona mbali, yaani malkia, maaskofu na ngome, ndizo zinazokuponza, kwa sababu kila zinapotua zinaona kitu kingine cha kula, na mwenzako anaziburuta atakako. Usizifungulie njia kabla hujajua zitaona nini. Farasi na mfalme hawaburutwi mbali.

Mfano mwingine mfupi: mweupe d4, mweusi e5, mweupe lazima ale e5. Mweusi anamtoa malkia hadi g5, akimweka njiani mwa askofu wa c1, huku malkia mweupe naye, mstari wake umefunguka, anakiona kitunda cha d7. Hatua ya pili tu, na mweusi tayari anagawa malkia. Mweupe ana njia mbili za kula, na zote mbili zinamfurahisha mwenzake.

Basi mweupe aanze na nini? Mwaka 2016 mwanahisabati Mark Watkins alikamilisha kwa kompyuta hesabu inayothibitisha kwamba mweupe akianza na kitunda cha e kwenda e3, anashinda dhidi ya kila jibu, akicheza bila kosa. Maneno "bila kosa" ndiyo yanayotuokoa sisi wengine. Njia zenyewe ni matawi kwa matawi, na hakuna mtu anayeketi barzani nazo kichwani. Kwa mchezaji wa kawaida e3 ni mwanzo mzuri tu, unampa askofu wa f1 na malkia njia, kwa hiyo nawe uwe macho. Kwa sababu ya hesabu hiyohiyo, mechi ya haki ni michezo miwili, mkibadilishana rangi. Mchezo mmoja hauamui kitu.

Hatua ya tatu: katikati ya mchezo

Kabla ya kulisha kete jiulize maneno haya, ikibidi kwa sauti: ataila kwa kete gani, hiyo kete itatua wapi, na ikitua pale itaona nini? Swali la tatu ndilo watu hulisahau. Unalisha kitunda ukifurahi, kumbe ngome yake ikitua pale inatazamana na ngome yako, na sasa wewe ndiye unayelazimika kula, kisha kula tena, kisha tena.

Ukiwa wewe ndiye unayelazimishwa na una hiari ya kete mbili, mara nyingi kula kwa ile inayoona karibu. Kula kwa kitunda au mfalme, mwache malkia alale. Halafu kuna nyakati ambapo kula kwa malkia ndiko kunakofaa, kwa sababu atatua penye kuliwa papo hapo. Tazama kwanza kama atakapotua kuna anayemwona. Akiliwa mara moja, umemtoa mzigo mkubwa kuliko wote.

Lililo gumu kwa wageni ni hili: kupungukiwa mapema si kushinda. Mtu amebakiwa na kete moja, mwenzake ana nane, watazamaji wanampongeza. Lakini hiyo moja ni lazima aicheze kila zamu, hawezi kusema "napita". Mwenye nane anaweza kukaa mbali nayo, akaipangia miraba, na hatimaye akailazimisha kete hiyo pekee kula mfululizo, moja baada ya moja, mpaka nane zote zimekwisha. Nimeyaona hayo mara nyingi kuliko nilivyoona kinyume chake. Kete zako za mwisho zinataka kuchaguliwa. Mimi napenda kubaki na mfalme na kitunda kimoja ambacho bado kina njia mbele, kwa sababu kitunda hicho hunipa hatua za bure wakati mwenzangu hana.

Hizo hatua za bure zitunze. Kuna wakati nyote wawili hamna cha kula, na anayelazimika kusogea mwanzo ndiye anayejifungua. Mwenye vitunda viwili nyuma ambavyo havijasogea anaweza kusubiri, mwenzake akaishiwa. Ndiyo maana sipendi kusukuma vitunda vyote mwanzoni. Acha vichache nyumbani.

Kitunda kikikaribia mwisho, amua mapema kitageuka nini. Malkia ni chaguo la mazoea na mara nyingi ni baya, atabururwa. Ukitaka kuliwa hatua inayofuata, chagua kete inayoweza kujitupa mdomoni mwa mwenzako, kwa mfano ngome inayoweza kuingia mbele ya kete yake kwa hatua moja. Ukitaka kujihifadhi, mfalme.

Mazoezi, na kucheza mbele za watu

Lichess ni bure na haina matangazo; ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis. Mtandao ukiwepo, chagua Antichess na ucheze na kompyuta kwanza katika kiwango cha chini. Faida yake kubwa ni kwamba haikuruhusu kukwepa: palipo na kete ya kula, hatua nyingine zote zinakataa. Baada ya mchezo pitia hatua moja moja utafute pale ulipoanza kulazimishwa. Karibu kila mara kosa liko hatua moja au mbili kabla ya pale ulipodhani.

Barzani kuna tabu ya watazamaji. Kwenye drafti na dhumna tumezoea kila mtu anayepita na kikombe cha kahawa awe na la kusema, na pale Jaws Corner, barza ya Mji Mkongwe Unguja, mtu anaweza kufundishwa na watu sita kwa wakati mmoja. Kwenye kulishana neno moja linaharibu mchezo, maana mtu akisema tu "angalia askofu" kesha maliza kila kitu. Wakubaliane: anayesema anakaa yeye kwenye mchezo unaofuata, na akishindwa analipia kahawa na kashata. Usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, watu wakiwa wengi, sheria hii hufanya kazi vizuri.

Mkitaka mashindano madogo ya mtaa au ya skuli, wachezaji 8 wanatosha kwa jioni moja. Kila pambano liwe michezo miwili, rangi zikibadilishwa, dakika 5 kila mtu. Kila mmoja akishinda mchezo mmoja, wacheze wa tatu, na rangi iamuliwe kwa kitunda kilichofichwa mkononi. Huo wa tatu usiruhusu mweupe aanze na e3. Hapo kila mmoja atalazimika kufikiri mwenyewe. Andikeni kanuni ya kukosa pa kwenda kwenye karatasi mbandike ukutani, na karatasi hiyo iwe na sahihi ya mtu mmoja ambaye hachezi.